Maziwa ya Watu wa Pampu

Mama yangu hakuwahi kununua dawa ya wadudu maishani mwake. Viwavi wa sukuma wiki aliwatoa kwa vidole, mmoja mmoja, akiwatukana kwa Kikuyu, na waliomshinda aliwamwagia majivu ya jikoni au maji ya pilipili yaliyolala kwenye sufuria kuukuu. Mbolea yake ilikuwa mavi ya mbuzi aliyoyaokota njiani. Tuliishi kambini, kwenye shamba kubwa la kahawa kati ya Ruiru na Thika, na kila familia ilikuwa na kijishamba nyuma ya nyumba chenye upana wa vitanda vinne hivi. Wanawake wenzake walimwita Mama Majivu. Wao walichuma managu, ile mboga chungu ya kienyeji, iliyojiotea katikati ya mistari ya kahawa, mengi, manene, ya bure. Mama aliyakataa katakata yasivuke mlango wake.

"Hiyo kitu imeoga dawa kuliko sisi tumeoga maji," alikuwa akisema.

Basi tulikula chakula safi kuliko wote pale kambini. Githeri ya mahindi na maharagwe tuliyohifadhi kwa majivu, terere, yaani mchicha wa kienyeji, viazi vitamu, uji wa wimbi asubuhi. Siku hizi watu wanalipa pesa nyingi wale namna hiyo na wanajisifu. Mimi sijisifu, kwa sababu asubuhi hiyohiyo, baada ya huo uji, baba yangu alibeba pampu mgongoni akaenda kunyunyizia kahawa sumu.

Kahawa ni mmea wa kudekezwa. Mvua ikinyesha, ugonjwa unaingia kwenye matunda, na watu wa pampu wanapita mstari kwa mstari wakirusha dawa hadi majani yabadilike rangi. Baba alifunga kitambaa puani, kile cha kuendea kanisani kilichozeeka, na hicho ndicho kilichokuwa kinga yake yote. Glavu tulizisikia tu kwa wengine. Upepo ukigeuka, dawa ilimrudia usoni. Akirudi jioni mama hakumruhusu kuingia ndani. Alimvua ovaroli nyuma ya ua la kayaba, na ovaroli ile ilikuwa na karai yake ambayo hakuna aliyethubutu kuitumia kutekea maji. Baba alijisugua kwa sabuni na majivu kabla ya kunigusa.

"Ngoja kwanza, maitu," alikuwa akiniambia nikimkimbilia. Maitu maana yake mama yangu. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo mimi kwake nilikuwa mama, na alinitania hivyo kila siku, ati mama mzima analilia sukari.

Sasa nieleze habari ya maziwa. Kila siku ya pampu, saa za mchana, kila mpiga pampu alipewa pakiti moja ya maziwa pale stoo, zile pakiti za pembetatu. Ilikuwa desturi ya shamba, na kambi nzima ilijua sababu yake: maziwa yanavuta sumu na kuitoa mwilini. Watu waliijua hivyo kama wanavyojua kwamba maji huzima moto. Hakuna aliyeuliza.

Baba hakuwahi kunywa yake. Mimi nilitoka shuleni saa ya chakula, nikasimama kwenye waya nyuma ya stoo, naye akanipitishia pakiti chini ya waya. "Shika, maitu. Usimwage." Nilifika nyumbani mama akaichemsha, nikanywa kikombe kimoja, kingine kikatiwa kwenye uji wangu wa kesho. Nilikuwa mtoto pekee. Nilipenda yale maziwa kuliko kitu chochote duniani, hasa ule utando wa juu.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane, nyapara mpya alituona. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, asiye mbaya, mwenye kupenda kusikilizwa.

"Wewe! Hiyo maziwa ni yako ama ni ya mtoto?"

"Ni yangu, bwana," baba akasema. "Lakini inanisumbua tumbo. Nitakunywa na chai jioni."

"Hiyo ndio inatoa sumu. Ukipatia mtoto, sumu inabaki kwako. Ukikufa usikuje kuniuliza!"

Wanaume wakacheka. Baba akacheka nao. Kisha wote wakaniangalia, mimi na mkono wangu uliokuwa tayari chini ya waya.

Hapa sitaki msomaji anionee huruma. Nilielewa. Miaka minane si michache, na yule nyapara alisema kwa Kiswahili ambacho hata mbuzi angeelewa. Nilijua kwamba ama baba anywe au sumu ibaki ndani yake, na bado sikuurudisha mkono. Nilichukua pakiti nikaenda nyumbani nikanywa, na kesho yake nikarudi, na siku zote za pampu zilizofuata.

Ugonjwa ulianza na jasho. Baba alitokwa na jasho asubuhi ya baridi ya Julai, wakati sisi tunavaa sweta mbili. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka, kikombe kikigongana na meno yake. Alishindwa kufunga vifungo vya shati, halafu akashindwa kumenya ndizi. Walimtoa kwenye pampu wakampa jembe, na jembe nalo likamshinda. Mwaka uliofuata hakuwa akitoka nyumbani.

Mama alimtibu kwa alichokijua, yaani chakula. Thabai, yale majani yanayowasha, aliyavuna kwa kuzungushia mfuko mikononi akayachemsha hadi yakakoma kuwasha. Supu ya mifupa. Mchuzi wa managu ya nyuma ya nyumba, mchungu hadi unakunja uso. Alimlisha kwa kijiko mboga safi kuliko zote za wilaya nzima, na mwanamume akazidi kukauka. Nilimchukia mama kidogo wakati huo. Niliona anahangaika na majani ilhali dawa inajulikana.

Kwa hiyo nikaitafuta mwenyewe. Upande wa Mugutha, nje ya shamba la kahawa, kulikuwa na mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja. Nilimwomba nimkatie majani ya nepia kila nikitoka shule, anipe maziwa kikombe kimoja. Akakubali. Nepia inakata mikono kama wembe, na ng'ombe yule alikula kama ambaye hajawahi kuona chakula, lakini kila jioni nilirudi na chupa ya maziwa ya moto wa kiwele. Nilimshikia baba kikombe kwa mikono miwili.

"Imefika, maitu," aliniambia akifumba macho. "Naisikia inashuka na hiyo takataka yote."

"Kesho nitaleta ingine."

"Leta."

Mama alitoka nje kila mara nilipomnywesha. Nilidhani ni moshi.

Nilifanya kazi ile muhula mzima. Jioni nyingine baba aliyatapika, akaomba radhi kama aliyevunja sahani ya watu, nami nikampa tena kidogokidogo. Alifia hospitalini Thika wakati wa mvua ndefu. Tuliambiwa mambo ya ini na figo. Karatasi waliyotupa haikutaja kahawa, na hakuna aliyetaka itaje. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Baba yangu alilichuma akalila peke yake, sisi tukanywa maziwa. Nilikuwa na hasira na methali ile kwa miaka mingi, na bado ninayo.

Tangu siku ya mazishi sikunywa maziwa tena. Nilikunywa chai ya strungi, na mtu akiniwekea maziwa kwenye kikombe nilitafuta sababu ya kukiacha. Sikumweleza mtu. Ungemwambia nani, na ungeanzia wapi? Kila nilipoona pakiti ya pembetatu kwenye kioski nilihesabu: ningemwachia hiyo, angeishi wiki moja zaidi. Na hiyo, wiki nyingine.

Nyumba ya kambini ilikuwa ya mfanyakazi wa shamba, na mfanyakazi hakuwepo tena, kwa hiyo tulihama. Tulipata chumba kimoja Gitothua, na mama akakodi kijishamba karibu na mto akaanza kuuza mboga za kienyeji sokoni Githurai 45. Hakubadilika hata kidogo. Mboga zake zilikuwa na matundu.

"Mathe, hii mboga yako imekuliwa na wadudu," wateja vijana walimlalamikia. "Angalia ya huyu mwingine, iko poa, inang'aa."

"Chukua ya kung'aa," mama alijibu. "Kile mdudu amekataa, mimi nitakula niko na akili gani?"

Wengi walichukua za kung'aa. Tulikula wenyewe zilizobaki.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kilimo alifundisha habari za dawa za shambani: namna ya kuvaa, namna ya kuosha, nini cha kufanya mtu akilewa sumu. Alikuwa mwanamke mkali asiyependa kupoteza chaki. Akasema kuna upuuzi mwingi unaozungumzwa vijijini, na mmojawapo ni kwamba maziwa huondoa sumu. Hayaondoi. Sumu nyingine, akasema, mafuta ya maziwa yanazisaidia kuingia mwilini upesi zaidi.

Niliinua mkono. "Hata akinywa kila siku, mwalimu? Haimsaidii hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Darasa zima likacheka kwa sababu nilikuwa nimesimama na nilikuwa nalia. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Ilikuwa furaha ya aibu, maana baba alikuwa kaburini vilevile, lakini mkono wangu chini ya waya ulikuwa haujamuua. Nilitembea kutoka shuleni hadi Gitothua karibu nikimbie. Nilitaka kumpelekea mama habari hiyo kama zawadi.

Nilimkuta mlangoni, ameketi juu ya debe, anachambua terere za soko la kesho. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mwalimu, mafuta, sumu. "Maziwa hayangemsaidia, mama. Hata angekunywa yote."

Mama aliendelea kuvunja mabua.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Siku ya kwanza karani wa stoo alimsomea karatasi ya mtungi ya dawa. Imeandikwa osha macho, osha ngozi, enda hospitali. Maziwa haijaandikwa mahali."

"Na ile nilikuwa namletea? Ya ng'ombe?"

"Alikunywa kwa sababu ni wewe umeleta."

Nikakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Nilimuuliza basi kwa nini alikubali kubeba pampu, kama alijua hakuna kinga. Kabla ya pampu baba alikuwa mtu wa kupogoa matawi, kazi ya makasi na ngazi, na watu waliikimbia pampu kila walipoweza.

Mama akaniangalia kama anayepima iwapo nimekomaa.

"Ulikuwa na miaka mitatu," akasema. "Nywele ilikuwa imegeuka nyekundu, miguu imefura. Nilikuwa nakupatia mboga, nakupatia uji, na haukuwa unapona. Daktari akasema huyu mtoto anataka maziwa kila siku. Ng'ombe hatukuwa nayo. Maziwa ilikuwa kwa pampu tu."

"Ukamwachilia aende?"

"Nilimkataza. Nililia mpaka majirani wakakuja. Akaniuliza, 'Basi unataka tuzike nani?'"

Alichukua fungu jingine la terere akaliweka mapajani.

"Sikumjibu," akasema. "Na asubuhi akaenda."