Boriti ya Tatu

Baba alikuwa fundi wa paa moja tu. Majirani walimtania kwamba ameoa nyumba ya mawe, mama ni mke wa pili. Nyumba hiyo ya kale, nje kidogo ya kijiji, aliitunza zaidi ya miaka arobaini. Kila baada ya mvua alipanda kugonga vigae kimoja kimoja kwa kidole kilichokunjwa. Kigae kizima hulia, aliniambia nikiwa mdogo, kilichopasuka hukohoa. Nilimshikia ngazi huku paa zima likilia na kukohoa juu yangu. Hadi leo, mvua ikikatika, mimi husikiliza.

Siku niliyokwenda kumchukua apumzike kwangu, nilimkuta jikoni na bibi mwenye nyumba na fundi wa umeme wa jua. Jenereta lilikuwa limechoka. Wahifadhi wa majengo ya kale walikuwa wamekubali paneli, mradi zisionekane kutoka getini. Ukabaki upande wa nyuma.

"Mzee, paneli ishirini. Paa litabeba?" fundi akauliza.

Baba aliinua macho darini.

"Paa hilo analijua kuliko anavyowajua wanawe," bibi akacheka. "Andika litabeba."

Fundi akaandika. Kidole cha baba kilikuwa kikigonga meza, taratibu, kama kinatafuta ufa.

"Futa," akasema. "Boriti ya tatu niliiunga kwa ubao mfupi, nikafunika na vigae. Nilikusudia kurudi."

"Lini hiyo?" bibi akauliza.

Baba akanitazama. "Siku huyu anazaliwa. Waliniita nikiwa juu. Nikapiga misumari miwili, nikashuka mbio."

Bibi hakucheka tena. "Na siku ile nilikusifu kwa kumaliza mapema!"

"Ndiyo maana, dada. Ukishasifiwa, unarudije kusema? Kila baada ya mvua nilianzia hapo kukagua. Vigae, boriti imevibeba. Paneli hizo, hapana."

Sikuwahi kumwona baba akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Fundi alifuta alichoandika, akasema bila boriti mpya hapandishi kitu.

"Umelikoroga mwenyewe," bibi akamwambia baba hatimaye, "utalinywa mwenyewe. Kesho upande."

Mizigo ya baba ilikuwa tayari mlangoni. Niliirudisha ndani.

Kesho yake nilishika ngazi, nikitazama nyayo zake zilizopasuka zikipanda, polepole kuliko zamani. Vigae vikatolewa, nyundo ikalia. Kisha mkono wake ukanishushia kipande cha ubao chenye misumari miwili yenye kutu.

"Pokea," akasema. "Pacha wako huyo."