Mutasim, Kipa wa Akiba

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Ingekuwa kweli, Mutasim angekuwa keshavimbiwa zamani. Tangu aingie soka la kulipwa yeye ni kipa wa akiba, wa kuitwa mambo yakishaharibika. Kila mechi hupasha misuli, huvaa glovu, huvua glovu, akarudi kwake Al Khoudh, hapa Maskati, na jezi isiyoshika hata vumbi. Mkewe, Aliya, hamuulizi tena kama kacheza. Na msidhani benchi ni raha! Hukaa roho juu toka filimbi ya mwanzo.

Jioni ya mechi ya mwisho ya ligi, timu yake ilikuwa inaongoza moja bila. Wakitoka sare tu, wanashuka daraja; na klabu ikishuka, kipa wa akiba ndiye wa mwanzo kuambiwa kwaheri. Zimebaki sekunde, kipa wa kwanza akamkwatua mtu ndani ya boksi. Kadi nyekundu, penalti.

"Mutasim, ingia!" kocha akapiga kelele.

Masikini! Aliingia anasoma Kul-huwallahu. Mpigaji alikuwa Sinan, kijana wa mji jirani wa Al Amerat, hajatoa neno ila Kiarabu tangu mechi ianze. Ndipo Saeed, beki wa timu ya Mutasim, ambaye ukoo wake kama wa mwenzake ulitoka Unguja, akaropoka kwa Kiswahili: "Nnamjua huyu! Hupiga kulia kwako!"

Ebo! Mtu mzima, kakulia Maskati, hajui kuwa hapa humsemi mtu kwa Kiswahili mpaka ujue bibi yake kazaliwa wapi?

Sinan akainua kichwa. "Ahsante kwa kunikumbusha, kaka," akasema, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

Mutasim aliona kiza. Atabadilisha? Au atapiga kulekule, akijua kuwa nami nnajua? Kila wazo lilizaa jengine. Filimbi ikalia naye hajaamua. Woga ukamgandisha katikati ya goli. Kumbe Sinan naye kachanganyikiwa vile vile! Mpira ukaja katikati, ukamgonga kifuani, akaukumbatia.

Wakambeba juu juu. Kocha akamwahidi mbele ya wote kuwa msimu ujao yumo. Mutasim akampigia Aliya simu.

"Wamenibakisha!"

"Alhamdulillahi! Kipa wa kwanza?"

"Hapana. Wa akiba, kama kawaida."

"Utaweza, mume wangu, mwaka mwengine?"

Mutasim akaitazama jezi yake. Kifuani ilikuwa na alama ya mpira.

"Nitaweza," akasema. "Nnaomba Mungu tu wasiniite."