Mama Aliyeachwa Nje ya Mti

"Futa!" dada mtu anasema kwa mara ya tatu. "Futa kabla rangi haijakauka."

"Sifuti, dada."

"Ukoo mzima unakuja saa kumi, wamkute kijakazi ukutani? Umelishwa nini wewe?"

Ni saa tatu asubuhi, katika karakana inayonuka tapentaini. Mbele ya kaka yake, fundi wa mabango, kuna ubao wenye mti wa ukoo wao: majina arobaini na matatu, yote ya wanaume. Chini kabisa ameongeza maneno matatu: Mama yetu. Alinunuliwa.

Mtaani wanamwita Brashi. Ana miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja kati yake ameitumia katika kazi hii. Mabango ya maduka ndiyo yanayomlisha, ila sifa ameipata kwa miti ya ukoo. Mmoja humlipa sawa na mabango manane.

Katika familia nyingi alizoziandikia, babu fulani alizaa na suria, mjakazi aliyenunuliwa. Mtoto alihesabiwa huru, akapewa jina la baba. Mama hakuandikwa.

"Mteja akifika hapo, sauti hushuka," anasema. "'Hapo pitisha tawi tu, fundi.' Nami napitisha. Naona haya hata kuwahesabu mama hao."

Mwaka juzi kijana wake alitaka kumposa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Brashi alikataa, kwa kuwa bibi mzaa bibi wa binti huyo alikuwa mtumwa.

"Asili yenu haijulikani," alimwambia baba mtu, palepale mlangoni. Ijumaa ya wiki hiyohiyo wawili hao walisali safu moja, bega kwa bega. Kijana alihama, na tangu hapo hajatia mguu kwao.

Mwezi uliopita, akipekua sanduku la marehemu baba yake, Brashi alikuta hati ya mauzo: mbuzi kumi na wawili, magunia sita ya mtama, "na msichana mmoja, kama miaka kumi na minne". Pembeni mnunuzi ameongeza: "Amenizalia mwanangu wa kwanza." Mwana huyo ndiye babu yao.

"Nyani haoni kundule," Brashi anasema, bila kucheka. "Wazee wetu walisoma kwamba kumwacha mtu huru ni thawabu. Walisoma vizuri sana, kisha wakaenda kununua. Mimi nikarithi kiburi chao, hata sikuuliza kimetoka wapi."

"Enzi zile kila mwenye uwezo alinunua," dada anasema. "Aibu ya nini leo?"

"Kama si aibu, mbona unataka nifute?"

Dada anakaa juu ya debe la rangi.

Hati haikutaja jina la msichana. Brashi anachovya brashi, anaandika mstari wa mwisho: Jina lake hatukuuliza. Kisha anaunyanyua ubao.

"Unakwenda wapi nao? Rangi mbichi hiyo!"

"Nitatembea polepole."

Anapiga hodi kwa fundi cherehani. Mashine inanyamaza, mlango unafunguka nusu. Posa hataitaja leo. Anatumaini siku moja vijana wataamua wenyewe kama bado wanatakana. Yeye amekuja kwa deni lake.

"Ndugu yangu," anasema, na ubao umetangulia mbele ya kifua chake. "Nilikwambia asili yenu haijulikani. Nimekuletea yangu, uisome."