Kofia Mbele ya Babu

Kofia yangu ilinuka mafuta ya taa, kitunguu saumu na jasho lililolala kwenye sufu bila kukauka. Ilikuwa mavin ya rangi ya damu ya mzee, zile kofia za kuvuta mpaka masikioni ambazo watu wa Naivasha huvaa alfajiri wakisubiri magari ya mashamba ya maua. Mimi niliivaa alfajiri, niliivaa mchana jua likiwa utosini, na nililala nayo. Hata leo, nikipita karibu na jiko la mafuta linalofuka moshi, mkono wangu huenda kichwani wenyewe kuhakikisha kwamba kuna kitu kimefunika. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na chini ya ile kofia kulikuwa na jambo ambalo mimi na mama tulikuwa tukimficha baba na watu wake.

Msimu ule ziwa lilikuwa limepanda. Tulikuwa tukiishi Kihoto, mtaa wa ukingoni mwa ziwa, na maji yaliingia nyumbani polepole, bila fujo, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Kwanza yalilowesha mlango, kisha yakafika miguu ya kitanda, kisha vyoo vya mtaa mzima vikafurika, na hapo hakuna aliyetaka kuuliza maji yale yalikuwa na nini ndani. Tulihamia chumba kimoja cha rafiki ya mama, mwenzake wa kupanga maua kwenye shamba. Tulikuwa watoto wengi mle, na kila kitu kilikuwa cha wote: taulo moja, kitana kimoja, na mashine moja ya kinyozi aliyetunyoa sote kwa mstari Jumamosi moja bila kuifuta baina ya kichwa na kichwa. Wiki chache baadaye nikaanza kujikuna. Kiliota kiduara kidogo nyuma ya sikio, kikubwa kama shilingi, na ndiyo sababu sisi tuliita ugonjwa ule mashilingi. Nywele zilikatika mzizini, ngozi ikatoa magamba meupe kama majivu, kisha shilingi ya kwanza ikazaa ya pili, na ya pili ya tatu. Mwishowe kimoja, cha utosini, kilivimba kikawa laini na kutoa usaha. Tajiri mkubwa, walinitania watoto wa chumba kile, mpaka nao wakaanza kujikuna wakanyamaza.

Mama alijaribu kila alichoambiwa. Alisugua mafuta ya taa, akasugua kitunguu saumu, akapaka ile dawa ya zambarau iliyonifanya nionekane kama nimemwagiwa wino. Kwenye zahanati, mhudumu alinitazama kutoka upande wa pili wa meza akampa mama tyubu ya dawa ya kupaka. Shuleni, mwalimu wangu aliigeuza shingo yangu kwa ncha ya kalamu, akaguna, kisha akaifuta kalamu kwa karatasi mara mbili na kuitupa ile karatasi dirishani. Sikumchukia. Nilichojifunza siku hiyo ni kutazama mikono ya watu. Kila aliyenigusa nilimfuata kwa macho nione ataufuta mkono wake wapi, kwenye sketi, kwenye ukuta au kwenye nyasi. Wote waliufuta. Na kila walipoufuta, niliona aibu kana kwamba nimewaibia.

Baba alikuwa bawabu wa usiku na alilala kazini. Mama alimficha pia. Yeye ni mtu wa Molo, binti wa wakulima wa viazi, na baba ni Mmaasai wa milima ya juu ya ziwa. Tangu waoane, watu wa kwa baba walikuwa wakisema mwanamke wa mjini hajui kulea. Sasa tulikuwa hatuna nyumba, na tumaini letu lilikuwa Babu, baba yake baba, atuonyeshe mahali pa kujenga kwenye ardhi yake kule juu, mbali na maji. Babu alikuwa ametuma neno: waje niwaone kwanza, mama na mtoto, kisha tutaongea mambo ya shamba. Mama aliniketisha kitandani akaniambia tukienda na kichwa kile kikionekana, watasema mtoto ananuka uchafu, na tutarudi Kihoto kuishi na viboko wa ziwani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama aliijua methali hiyo vizuri kuliko mimi, lakini mtu asiye na paa hana nafasi ya kusikiliza wahenga.

Kwa watu wa baba, mtoto hampi mzee mkono. Mtoto humwendea mzee, huinamisha kichwa, na mzee huweka kiganja juu ya utosi. Ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Mkono kwa mkono ni mambo ya watu wazima waliolingana. Mama alinifundisha wiki nzima, yeye akiwa babu na mimi nikiwa mimi. "Utainama na kofia yako hivyo hivyo," alisema. "Atakugusa juu ya kofia, basi, utatoka. Usiivue hata ukiambiwa kuna zawadi."

Tulifika Jumamosi, mimi, mama na baba. Kulikuwa na baridi na ukungu, na nilishukuru kwa sababu kila mtu alikuwa amejifunika kitu. Babu alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mrefu, shuka mbili mabegani, na wajukuu wamejipanga kusalimu. Nilikuwa wa mwisho. Mbele yangu alikuwa binamu mmoja mwenye kofia ya kampeni, na ilipofika zamu yake shangazi, dada mkubwa wa baba, alimpokonya ile kofia kichwani. "Kofia mbele ya babu? Wewe ni polisi?" Watu walicheka. Binamu akainama kipara wazi, akaguswa, akatoka mbio. Nikaona mkono wa shangazi umebaki hewani, unanisubiri.

Sijui jinsi ya kueleza hofu ile. Nilisikia masikio yangu yakiwaka ndani ya sufu. Nilimtafuta mama kwa macho, naye alikuwa ameshika mfuko wa sukari kifuani kwa mikono miwili. Nikaing'ang'ania kofia kwa mkono wa kushoto, nikasimama wima, nikamnyooshea Babu mkono wa kulia. "Habari yako, Babu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Babu alikiangalia kiganja changu kwa muda, kisha akamgeukia baba. "Huyu mzee mwenzangu ametoka wapi?" aliuliza. Akaupita mkono wangu ukiwa bado umenyooka, akaenda kuketi. Baba aliangalia viatu vyake. Shangazi ndiye aliyemwambia mama yaliyokuwa midomoni mwa wote: "Mama Naserian, hii ni heshima gani mnafundisha watoto huko Kihoto? Ama huyu ako na kichwa ya dhahabu haiwezi shikwa?"

Mama angeweza kujiokoa. Angevuta ile mavin tu, wote wangeona kwamba mtoto si mjeuri, ni mgonjwa, na lawama ingehama kutoka kwake kuja kwangu. Alinitazama. Niliona macho yake yakipanda mpaka kwenye kofia yangu na kushuka tena. "Nisameheni," alisema. "Ni makosa yangu. Sijamfundisha vizuri." Alisema hivyo mbele ya wakwe zake, wake wengine wa ukoo na watoto wao, yeye aliyenifundisha kuinama wiki nzima mpaka shingo ikaniuma. Kisha akaenda jikoni, akapewa kazi ya kuosha sufuria ambazo hakuna mwingine aliyetaka kuziosha, na alizisugua kwa majivu alasiri nzima bila kuinua uso. Jua lilipokaribia kutua nilimsikia Babu akimwambia baba kwamba shamba halitoroki, litaongelewa siku nyingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, aliongeza shangazi. Niliketi nyuma ya tangi la maji nikatamani ardhi ipasuke. Nilijua ni mimi, na ugonjwa wangu, na mkono wangu, uliotunyima nyumba.

Asubuhi yake nilimkuta Babu kwenye zizi la ndama. Hakuniona. Alikuwa amechuchumaa, amemkumbatia ndama mwekundu shingoni, akimpitishia vidole usoni. Nilisogea. Kuzunguka macho ya yule ndama, na pembeni mwa masikio, kulikuwa na viduara vya kijivu vilivyonyonyoka manyoya, vimekauka kwa magamba. Niliyajua magamba yale. Nilikuwa nikiyaona kila siku ndani ya kofia yangu. Babu aliyakwangua kwa ukucha, akamwongelesha ndama taratibu kwa lugha yao, akaendelea kumshika. Nilingoja aufute mkono. Hakuufuta. Aliutumia mkono uleule kutoa ugoro na kuuweka mdomoni.

Sikuwa nimepanga kusema neno. Ilinitoka tu. "Babu, na mimi niko nayo."

Aligeuka. "Uko na nini?"

Nikaivua kofia. Upepo wa mlimani ulinipiga utosini mahali ambapo haukuwa umenigusa kwa miezi miwili, na harufu ilitoka yote kwa pamoja, mafuta ya taa, vitunguu na usaha. Nililia kwa aibu kabla hajasema lolote. Kwa kuwa sikuweza kumtazama, niliinama. Sikuinama kumsalimu, niliinama kujificha, lakini kichwa kilikuwa mbele yake, na Babu akafanya kile ambacho mikono yake ilizoea kufanya. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa sugu, kikaja kikatua pale pale, juu ya jipu. Iliuma. Sikujiondoa.

"Mama yako anajua?" aliuliza, mkono ukiwa bado upo.

"Anajua."

"Na jana alinyamaza?"

"Alinyamaza."

Ndama alinyoosha shingo akaanza kunilamba goti. Baadaye Babu alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee yule akikosa pa kuweka macho yake. Baba mkwe hamwombi mke wa mwanawe msamaha, si desturi yao, na hakuomba. Alimwita baba kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Tafuta fito," alimwambia. "Hapa juu ya zizi. Na mama ya mtoto ndiye atachagua mlango itaangalia wapi."

Ningependa kusema mama alifurahi. Alipotoka jikoni akaniona kichwa wazi mbele ya ukoo mzima, alinifunika kwa leso yake upesi kama mtu anayezima moto, na chini ya leso akanifinya. "Si nilikwambia!" alininong'oneza, akilia. Alikuwa ameinunua siri yangu kwa heshima yake, na mimi nilikuwa nimeigawa bure kwenye zizi la ndama. Shangazi alimletea mama kigoda. Babu alileta kopo la oili chafu ya trekta, dawa aliyowapaka ndama wake, akataka kunipaka na mimi. Mama akapata nguvu sijui wapi. "Hapana, Baba," alisema, na Babu akarudi na kopo lake.

Tulihamia kule mwezi uliofuata. Siku tuliyoshusha vitu niliona kiduara kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Babu, kikubwa kama shilingi, kingo zake nyekundu. Nilitaka kukimbia. Jirani mmoja aliyekuja kusaidia alikiona pia akamuuliza amepatwa na nini. Babu aliuinua mkono juu watu wote waone. "Hii?" alisema. "Hii ni salamu ya mjukuu wangu."

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya Nakuru, na wengi wanaoingia chumbani kwangu ni wagonjwa wa ngozi. Nina majina sasa. Yale mashilingi ni choa, na yakiwa kichwani ni mapunye, nayo hayasikii dawa ya kupaka peke yake, yanataka vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi. Mafuta ya taa hayakunisaidia chochote ila kuniunguza. Najua kutofautisha upele na ukurutu, mbalanga na ukoma, chunjua na sugu, na nimewaambia akina mama wengi kwamba mapunye si alama ya uchafu, yanaambukizwa kwa kitana, kwa mashine, hata kwa ndama. Nawaambia kwa sababu hakuna aliyemwambia mama. Pale jipu lilipokuwa hapakuota nywele tena, kovu limebaki, na msusi wangu amefundishwa kupafunika kwa nywele za kando yake. Babu alifariki. Mama bado anaishi juu ya zizi, mlango wake ukiangalia ziwa, ili alione likija, husema.

Wiki iliyopita aliletwa msichana mmoja mwenye kofia ya sufu. Mama yake alijibu maswali yote, yeye akatazama sakafu. Nilivaa glavu kama kazi inavyotaka, nikamvua kofia, nikamshika kichwa, nikaandika dawa. Nilipozivua glavu nilihisi ametulia kabisa, na nikajua anatazama nini. Alikuwa akifuata mikono yangu. Bomba lilikuwa hapo pembeni, hatua moja. Niliweka kiganja kitupu juu ya utosi wake, nikamwambia aende salama, nikaketi nikiwa nimeikunja mikono mapajani. Lazima ninawe, kuna mgonjwa mwingine nje. Lakini nilisubiri mpaka niliposikia mlango umefungwa, ndipo nikafungua maji, taratibu, yasitoe sauti.