Punje Moja Hubaki Kibuyuni

Saa moja asubuhi, na jua halijulikani liko wapi. Ukungu umelala juu ya uwanda wa Kitengela tangu jana, na ukisimama langoni huwezi kuliona zizi lililo hatua arobaini tu mbele yako. Unasikia ng'ombe wakikohoa. Unasikia ndoo ikigonga jiwe. Kisha unaona mkono wa mwanamke ukitoka katika weupe ule, umeshika kibuyu.

Ni Kamene Ndolo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya sufu ya mumewe. Anakipindua kibuyu, anakitikisa, kisha anaingiza vidole viwili na kupapasa chini.

"Hakuna kitu," anasema. "Nataka uone mwenyewe hakuna kitu."

Ana sababu ya kutaka shahidi. Leo, Ijumaa ya katikati ya Julai 2004, shule moja ya msingi ya Nairobi inarudi katika shamba hili baada ya miaka mitatu. Imetoa sharti moja: basi liondoke saa kumi kamili za jioni. Kamene akilizuia langoni kama alivyofanya mwaka 2001, shule hiyo haitakanyaga hapa tena, na anajua nyingine zitaifuata.

"Nikiwachelewesha leo, wageni wamekwisha," anasema huku akipuliza vidole. "Na nikiwaachilia na kuna mtu amebaki ndani, mimi ndiye nitakwisha."

Shamba ni la ekari kumi na moja. Kamene na mumewe, Nzau Ndolo, walilinunua mwaka 1989 walipohama kutoka Mwala. Kwa miaka kumi waliishi kwa maziwa na vitunguu. Wageni walianza mwaka 1999, mwalimu mmoja alipoomba kuwaonyesha wanafunzi wake ng'ombe akikamwa. Ukame wa mwaka uliofuata ulipofagia mifugo, wageni ndio waliobakiza jamaa hii hapa. Kila mtoto hulipa shilingi themanini. Siku moja ya basi lililojaa hushinda maziwa ya wiki nzima.

Kila msimu una kazi yake. Aprili, watoto hupanda mahindi na kurudi nyumbani na matope hadi magotini, na nyumbu waliotoka mbugani huonekana ng'ambo ya ua wakila majani mapya. Septemba ni nyanya. Desemba huja jamaa nzima nzima kuchagua mbuzi wa sikukuu. Lakini mwezi wa ziara hasa ni Julai, muhula unapokaribia kufungwa, na Julai ndiyo mwezi wa ukungu.

Ukimwuliza Nzau ana ng'ombe wangapi, anakujibu, "Wapo."

"Wangapi?"

"Wale unaona, na wale huoni."

Si ukali. Ni mwiko walioukuta kwao Ukambani, na walipofika huku wakawakuta majirani zao Wamaasai wanao vilevile. Kiumbe hai hahesabiwi. Nzau huwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa tabia. Jioni huangalia pengo, haangalii idadi. Mamake Kamene alikuwa na njia yake: mbuzi mmoja akitoka zizini, kokoto moja inaingia kibuyuni, akirudi, kokoto inatoka. Kibuyu kikiwa kitupu, watu wanakula na kulala.

Kamene huwafanyia wageni hivyo hivyo. Mtoto anapoingia langoni hupewa punje moja ya maharagwe ya nyayo, yale mekundu yenye madoadoa, na kuitia kibuyuni kwa mkono wake. Anapotoka, anachukua punje moja na kwenda nayo nyumbani akaipande. Watoto wanadhani ni mchezo.

Saa tatu na robo, taa mbili za manjano zinatokea katika ukungu. Basi limefika. Wa kwanza kushuka ni Mwalimu Irungu, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua. Anawapanga watoto, kisha kwa mazoea anainua kidole: "Moja, mbili, tatu..."

"Mwalimu," Kamene anasema kwa upole. "Hicho kidole."

Irungu anakirudisha mfukoni, akimwita Kamene kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Pole, Mama Evalyne. Nilisahau niko kwako."

"Ulisahau hata ile mara ingine."

Wote wawili wanacheka kidogo.

Hadithi ya "ile mara ingine" inaanzia nyuma zaidi. Mwaka 1995, Nzau alimkodisha mwanakandarasi mmoja pembe ya shamba iliyo na mawe. Likachimbwa timbo la mawe ya kujengea. Vibarua waliingia kwa lango hili hili, na Kamene akawapikia githeri ya saa sita, mahindi na maharagwe. Mmoja wao aliitwa Wakhungu, kijana wa Magharibi, mpole, mwenye kupiga mluzi. Alikuwa akiomba ukoko wa sufuria. "Mama," alikuwa akisema, "usiwape hawa. Hawa hawana meno."

Novemba 1997, katika mvua kubwa za El Nino, ukuta wa timbo ulianguka mchana, vibarua wakiwa wanakula chini yake. Ukungu na vumbi vilichanganyika, watu wakakimbia kila upande. Nyapara alitoa karatasi yake, akasoma majina, wote wakaitika. Orodha ilitimia.

"Lakini mimi nilikuwa nimepakua sahani tisa," Kamene anasema. "Zikarudi nane."

Alimwambia nyapara. Nyapara akamjibu kwamba Wakhungu hakuwa ameandikwa, alikuwa mtu wa kuja na kwenda, na bila shaka alikuwa mjini akinywa. Mvua haikukoma. Kesho yake timbo lilikuwa ziwa, na wiki iliyofuata mwanakandarasi alibeba mashine zake akaenda.

"Nilinyamaza," anasema Kamene. Anafunga na kufungua kifungo cha sweta ya juu.

Sahani nane za bati zingali jikoni, zimetundikwa kwenye misumari. Misumari ni tisa.

Kisha ikaja Julai 2001. Basi lilileta watoto wa sweta za kijani. Walikamua, wakawanyonyesha ndama kwa chupa, wakapanda mkokoteni wa punda. Jioni kila mtoto alichukua punje yake. Kamene alipokipindua kibuyu, punje mbili zikaanguka kiganjani.

Irungu alisoma orodha mara tatu. Watoto wake wote walikuwa ndani ya basi. Kamene hakufungua lango. Dereva alipiga honi. Irungu alimwita mshirikina mbele ya watoto, jambo analolijutia mpaka leo. Baada ya saa moja Nzau ndiye aliyefungua, na basi likaondoka.

"Orodha yangu haikuwa na makosa," anasema Irungu. "Hiyo ndiyo inanisumbua. Orodha ilikuwa inahesabu wale nilileta. Kibuyu kilikuwa kinahesabu wale wameingia."

Kwa maana asubuhi ile, msichana wa miaka sita aitwaye Ilwad, mtoto wa jirani yao Barre anayefanya biashara ya mbuzi, aliona foleni ya watoto langoni. Naye alikuwa na sweta ya kijani. Akajiunga nayo, akapewa punje, akaitia. Babake alikuwa kwenye soko la mifugo la Kajiado akidhani mtoto yuko na shangazi; shangazi alidhani ameenda na babake.

Kamene hakujua lolote kati ya hayo. Alijua punje tu. Basi lilipoondoka alitembea peke yake katika ukungu akiita bila jina la kuita, maana hakujua anamtafuta nani. Alipofika karibu na shamba la nyanya, alisikia sauti.

"Ko. Ko. Ko. Nyundo juu ya tindo. Mimi niliwapikia hao watu miaka miwili, hiyo sauti naijua. Lakini timbo lilikuwa limekufa miaka karibu minne."

Aliifuata. Ilimpeleka mpaka ukingoni. Ilwad alikuwa ameketi juu ya jiwe, magoti yamekunjwa, na hatua moja mbele yake maji meusi. Hakuwa analia. Sauti ilikuwa imekoma.

"Nilimwuliza, nani amekuleta hapa? Akaniambia, hakunileta, aliniambia nikae. Nikamwuliza nani. Akasema, huyo wa unga."

Vumbi la timbo ni jeupe. Kibarua akifanya kazi nusu siku, nyusi, nywele na mikono huwa kama za mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga.

Kamene alimbeba mtoto mpaka langoni na kumpa kibuyu achukue punje yake. Ilwad akachukua. Ndani ikabaki moja.

Tangu siku hiyo, kila Julai punje moja hubaki. Misimu mingine hakuna. Nzau, mtu asiyependa maneno ya kutisha, alidhani ni utundu wa watoto. Mwaka 2002 aligawa punje mwenyewe, moja moja, na kuangalia kila kiganja kikimimina.

"Nikasema leo nitamaliza hii mambo," anasema. "Jioni nikapindua. Moja. Sikula siku hiyo."

"Ulikula," Kamene anamkatiza.

"Nilikula kidogo."

Timbo sasa limezungushiwa waya na ua wa michongoma, na wageni hawafiki upande ule. Hata hivyo habari zilienea Nairobi, na mabasi yakapungua. Mwaka jana, Julai nzima, yalikuja mawili. Ni Irungu, ambaye sasa ni naibu wa mwalimu mkuu, aliyeishawishi shule yake irudi.

Ilwad ana miaka tisa. Kila siku ya wageni yeye husimama kando ya Kamene akigawa punje, na ni yeye anayewaambia watoto wasisukumane. Babake huja kumchukua jioni. Barre hasemi sana kuhusu siku ile. "Mtu alimwambia binti yangu akae," anasema. "Huyo mtu namuombea. Mimi siulizi alikuwa mtu gani."

Saa tisa na nusu ukungu, uliokuwa umeinuka mchana, unaanza kushuka tena. Watoto wananuka maziwa na moshi. Wanapita langoni mmoja mmoja, mkono kibuyuni, punje, basi. Kamene hahesabu. Anawatazama usoni. Irungu amesimama kando na karatasi yake.

Mtoto wa mwisho anapanda. Kamene anakipindua kibuyu.

Punje moja inaanguka kiganjani mwake, na Ilwad anaitazama kama mtu anavyotazama kiatu cha ndugu yake mlangoni.

"Mama Evalyne," Irungu anasema polepole, "orodha imetimia."

"Najua, mwalimu. Hata ya nyapara ilitimia."

Ni saa kumi kasoro dakika mbili. Irungu anaikunja karatasi, anapanda ndani ya basi, na safari hii anapita kiti kwa kiti akiangalia nyuso, bila kidole. Anamgeukia Ilwad aliye chini. "Na wewe umeona mtu mwingine ameingia na hawa?"

"Hapana, mwalimu. Wote ni wako."

Irungu anamwomba dereva azime injini. Kunakuwa kimya. Watoto nao wananyamaza bila kuambiwa. Kutoka upande wa timbo, mbali na bila haraka, kitu kinagonga. Ko. Ko.

"Hiyo ni bomba inavuja," dereva anasema.

"Bomba iko huku nyuma yako," Nzau anamjibu.

Kamene anashusha pumzi, anaondoa komeo na kufungua lango wazi. Ni saa kumi na dakika sita. Basi linapita na kumezwa na ukungu, na kwa muda zinaonekana taa nyekundu tu, kisha hazionekani.

Kwa nini amelifungua mwaka huu? Kwa sababu sasa anaamini anajua punje ni ya nani, na ana mpango.

Mwezi wa pili mwaka huu, baada ya kuulizia katika machimbo mengi mpaka kule Mashuuru, alimpata Ouko, kibarua aliyekula githeri yake siku ile ya Novemba. Ouko alijua kwao Wakhungu, upande wa Malava. Mamake, Selpha, yu hai. Alituma ujumbe mfupi: hataki fidia, anataka mtoto wake alale nyumbani.

Kibali cha kufukua kilipatikana mwezi uliopita. Septemba maji ya timbo huwa yameshuka. Jamaa hii itafunga lango kwa wageni majuma matatu, na nyanya zitavunwa bila watoto. Pampu inakodishwa shilingi elfu mbili kwa siku, na pesa za basi la leo zitalipa siku ya kwanza na nusu ya pili. Ouko ameahidi kuja na wenzake wanne, kwa chakula tu.

"Chakula ni githeri," Kamene anasema. "Wanajua."

Jikoni, anaiweka ile punje juu ya msumari wa tisa, mahali palipo na kijishimo kidogo ukutani, karibu na za miaka iliyopita. Ilwad amemfuata na kibuyu.

"Akitoka, mama, utampa punje yake?"

"Nitampa."

"Na kama ni mifupa?"

Kamene anakichukua kibuyu na kukiweka chini. Nje, Barre anaita jina la binti yake katika ukungu, na Ilwad anaitika.

"Aliye hai hatumhesabu," Kamene anasema hatimaye, akimfunga mtoto vifungo vya sweta. "Lakini yeye hakuna mtu aliwahi kumhesabu hata mara moja. Siku hiyo nitasimama hapo langoni, niinue kidole, nimhesabu kwa sauti."

Anakiinua kidole, kama anayejaribu kuona kitakavyokuwa.

"Mmoja," anasema.

Upande wa timbo, kugonga kumekoma.