Siku Nilipombeba Mama Mkwe

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua kwa mtaalamu wa visima aliyekuwa anamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Ilikuwa nyekundu, ya aina ile inayotaka mafuta ya injini yachanganywe na petroli kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Nilikuwa bwana mifugo katika kijiji kimoja upande wa Sepuka, miaka ile watu walipokuwa wamehamia vijijini na bado wanazoea kuishi nyumba ikitazamana na nyumba. Kabla ya hapo nilizungukia maboma kwa miguu, sindano za chanjo begani.

Yule mtaalamu alinifundisha kwa nusu siku tu, akaondoka. Yaliyobaki nilijifunza kwa makosa, ndiyo maana kijana akija kwangu leo na pikipiki mpya namwanzishia na ukaguzi wa asubuhi. Kabla ya kupiga kiki, izunguke. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Inua cheni katikati kwa vidole viwili: icheze kidogo, isikaze kama waya wala isilegee hadi kuning'inia. Tikisa dumu la mchanganyiko kabla ya kumimina, maana mafuta mazito hutuama chini. Gusa kila nati unayoweza kuifikia. Kazi yote hiyo inamalizika kabla uji haujapoa, na huko porini hakuna fundi. Usiogope kuonekana mwoga. Mimi nilichekwa kwa kuizunguka pikipiki kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, lakini nilikuwa nafika.

Nilikuwa nayo miezi minne tu habari ya daktari wa macho ilipotufikia.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, akiishi na mwanawe wa kiume, yaani shemeji yangu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani. Ugonjwa huo haukuwa mgeni kwetu, kwa vumbi, nzi na shida ya maji. Kila akipepesa, kope zinakwangua jicho. Wanawake wenzake walizing'oa kwa kibano, zikaota tena, ngumu kuliko mwanzo. Jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe. La kushoto lilianza kuingia ukungu, na mganga wa zahanati alimwambia mke wangu waziwazi kwamba kope zisiporudishwa nje kwa upasuaji, hilo nalo litakwenda. Kisha Jumatano moja mganga huyo akatuletea habari: daktari wa macho atakuwa hospitalini mjini Singida kuanzia Jumatatu, siku tatu, kisha anaondoka. Lini atarudi, hakuna aliyejua.

Basi lilikuwa limelala gereji wiki ya tatu likisubiri springi. Mkokoteni wa kijiji ulikuwa mbali, ukibeba mawe ya kujengea shule. Shemeji alikuwa na baiskeli, lakini mipira ilikuwa adimu, na tairi lake la nyuma alikuwa amelijaza nyasi. Lilimbeba yeye peke yake, tena kwa manung'uniko. Ikabaki pikipiki.

Lakini mimi ni mkwe. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Salamu ni ya mbali, na aliyesalimiwa hujibu akiwa ametazama pembeni. Jambo likiwepo la kusemwa, linapita kwa mke. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa, na sura ya mama mkwe sikuwa nimewahi kuiona vizuri. Sasa, abiria wa pikipiki ni lazima amshike dereva. Nani angemwambia mama yule ashike kiuno cha mkwewe?

"Shemeji, usijisumbue," alisema ndugu wa mke wangu. "Nifundishe mimi. Mwana akimbeba mama yake, nani atafungua mdomo?"

"Kwa siku mbili?"

"Mimi nimefundisha madume manne kulima. Hilo lako lina miguu miwili tu!"

Alhamisi jioni tukaenda uwanja wa shule. Nilimweleza kila kitu ikiwa imezimwa: mkono wa kushoto ni klachi, uachie polepole kama unavyomlegezea kamba ndama anayejifunza kufungwa, mkono wa kulia ndio unaoongeza mwendo. Alielewa upesi. Alizunguka uwanja mara mbili vizuri kabisa, akaanza hata kuimba. Mara mbuzi akakatiza mbele yake.

Mtu aliyezoea plau akitaka ng'ombe wasimame huvuta kamba kuelekea kwake. Shemeji akavuta. Mkono wa kulia wa pikipiki ukiuvutia kwako, unaongeza moto. Kadiri ilivyokimbia ndivyo alivyozidi kuvuta, huku akipiga kelele, "Hoo! Hoo!" mpaka wote wawili wakaingia katika ua wa minyaa nyuma ya nyumba ya mwalimu.

Nilimkuta amekaa chini, utomvu mweupe wa minyaa begani. Nikamkataza kushika macho, maana utomvu huo huyaunguza, nikamwosha.

"Dume lako halisikii," alisema.

"Linasikia sana. Ulikuwa unaliambia likimbie."

Simsimulii ili kumcheka. Mwili ukishtuka haukumbuki maelezo, unafanya ulichozoea. Ndiyo sababu namwambia kila mwenye pikipiki mpya arudie jambo moja mahali pa wazi, mamia ya mara: rudisha moto, bana klachi, kanyaga breki. Arudie mpaka mkono ufanye wenyewe. Shemeji angehitaji mwezi. Sikuweza kumkabidhi mama yake kwa mafunzo ya siku mbili, na nilimwambia hivyo. Alinuna, kisha akanisaidia kunyoosha mkono wa klachi uliopinda. Tuliunyoosha kidogo kidogo, kwa sababu ukikatika, duka la karibu lilikuwa mjini kulekule tulikotaka kwenda.

Ijumaa mke wangu akaja na shauri lake. "Mimi nitakaa katikati. Wewe mbele, mimi, halafu mama. Hamtagusana."

Nilifunga magunia mawili ya mtama nyuma yangu, nikajaribu. Gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukaelea, na breki zikachelewa kushika. Nikarudi nikamwambia haiwezekani.

"Kwa hiyo mama awe kipofu kwa sababu ya heshima yako."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Aliondoka kwenda kwa mama yake, na jua lilipokuwa linashuka wakarudi wote wawili. Mama mkwe alijifunika kanga usoni, akaketi kando ya mlango, amenipa mgongo.

"Mwulize mumeo," alisema, "anayebebwa na kitu hicho, humtazama mbebaji usoni?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," nilisema.

"Hujasikia mpaka nikuambie! Anauliza, anayebebwa humtazama mbebaji usoni?"

"Mwambie hapana. Mimi natazama mbele. Yeye ataona mgongo wangu tu."

Kisha mama akasema, "Mgongo hauna macho. Mwambie nitakwenda. Ila simshiki."

Tukalifanyia kazi neno hilo. Shemeji alileta ukanda wa ngozi ya ng'ombe nikaufunga kiunoni, ili mama ashike ukanda na si mtu. Mke wangu alishona mto wa nyasi wa kuweka katikati yetu. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi yake nje ya nyumba, imezimwa, nikakaa mbele, mama akapanda. Alivaa suruali ya shemeji chini ya kanga ili aweze kukaa mguu huku na mguu huku. Mtu anayekaa upande hana pa kujishikilia njia ikiwa mbaya. Pindo zote tulizichomeka, maana kanga ikiingia kwenye cheni humvuta mwenyewe chini.

"Mwambie miguu isitoke hapo pa kukanyagia, hata tukisimama," nilisema. Mke wangu akamwambia mama yake kwa Kinyaturu, ingawa mama alikuwa nusu hatua nyuma yangu. "Mwambie bomba la moshi linaunguza. Mwambie nikilala kulia na yeye alale kulia."

"Mama, lakini usikorome," alidakia shemeji.

"Nyamaza wewe uliyelala kwenye minyaa," mama alimjibu, na watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Jumapili isingefaa, maana siku hizo vyombo vya watu binafsi vilitakiwa viwe vimetoka barabarani ifikapo saa nane mchana, na mimi sikuwa na uhakika wa mwendo wetu. Kwenye njia iliyonyooka mambo yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa kona. Nikiinama kulia, pikipiki ilinigomea kama ng'ombe anayetaka kurudi nyumbani, na mwanzoni sikuelewa kwa nini. Nilisimama nikapima tairi, nikapima cheni. Vyote vilikuwa sawa. Tukaendelea hivyo, kila kona mapigano.

Halafu tukafika mto wa mchanga. Haukuwa na maji msimu ule, ila mchanga mwingi kutoka ukingo hadi ukingo. Mchangani usiguse breki ya mbele. Ingia na gia ndogo, shikilia moto uleule, uache usukani ucheze kidogo. Nilifanya hivyo. Katikati njia ilipinda, nikainama, na uzito wa nyuma ukaenda upande wa pili. Gurudumu la mbele likazama. Tukaanguka polepole, kama mtu anayesinzia.

Mimi niliangukia pembeni. Mama alikuwa chini, mguu mmoja umebanwa na pikipiki, na bomba la moshi lilikuwa karibu na goti lake, upana wa kiganja tu. Injini ilikuwa imezimika.

"Mama, usisogeze mguu. Hilo bomba ni la moto."

Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia moja kwa moja. Nilisimama nikiwa nimeinua mikono, sijui niishushie wapi.

"Inua basi!" alisema. "Au unamngoja mwanangu aje akutafsirie?"

Nikainua pikipiki, kisha nikamshika mkono na kumwinua yeye. Kanga ilikuwa imedondoka. Niliona uso wake, macho mekundu yakitiririka machozi, na mchanga kwenye nyusi. Nikapapasa mguu wake kama ninavyopapasa mguu wa ng'ombe aliyeteleza: hakuna kilichovunjika. Akaketi ukingoni. Mimi nilifunga koki ya petroli, nikakagua mikono ya breki na klachi, nikafuta mchanga. Ilipoanguka ilikuwa imemwaga petroli nyingi ndani ya injini, hivyo nilifungua moto wote na kupiga kiki mara nyingi mpaka ikapumua. Wakati huo ndipo nilipoelewa zile kona.

"Mama, tumeanguka kwa sababu unanikimbia. Nikiinama huku, wewe unainama kule."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua. Lakini pikipiki inataka tuwe mzigo mmoja."

Alikaa akikung'uta kanga. Nilimwona akilifumba jicho la kushoto na kulifumbua, akilipima kwa kutazama miti ya ng'ambo.

"Huko mbele kuna kona ngapi?"

"Nyingi."

"Umeshanishika," alisema. "Kama kuna mbuzi wa faini ya kuvunja mwiko, atatoka kwangu, mimi ndiye mkubwa. Toa huo mto."

Nikautoa. Akapanda, akapitisha mikono yake kiunoni mwangu, akashika kwa nguvu za mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Kona iliyofuata tulilala pamoja, na pikipiki ikapita kana kwamba njia imenyooshwa. Tulipofika nyumba za Unyambwa, mji ukiwa karibu, alikuwa ananiuliza habari za wajukuu wake, na mimi namjibu nikitazama mbele.

Daktari alimpasua kope Jumatatu. Jicho la kulia alisema halina la kufanyika zaidi ya kuondoa maumivu. La kushoto alilimulika kwa muda mrefu, akasema ukungu wake ni mwepesi na limewahiwa. Mama alilazwa tangu siku tuliyofika, nami nililala kwa rafiki yangu mmoja palepale mjini, nikaitumia nafasi hiyo kusafisha plagi na kutafuta mkono mpya wa klachi, ambao sikuupata.

Alhamisi tukarudi. Bandeji zilikuwa zimetolewa, na muuguzi alinionya kuhusu vumbi. Nilimpa mama miwani ya kuzuia vumbi niliyoachiwa na mtaalamu wa visima, nami nikaendesha macho yamebanwa. Mwenye pikipiki asifanye hivyo, lakini miwani ilikuwa moja. Nilipunguza mwendo kwa sababu hiyo, gia ya pili muda mwingi.

Tulipouacha mto nyuma, njia ikaingia vichakani. Jua lilikuwa usoni. Mama alinigonga bega.

"Punguza, mkwe. Kuna ndama kalala njiani, pale kwenye kivuli."

Mimi nilikuwa naona kivuli tu.

"Wa rangi gani?" nilimuuliza.

"Mwekundu. Ana baka jeupe kwenye paji."

Nikarudisha moto, nikabana klachi, nikakanyaga breki. Tukasimama. Ndama akainuka, akatutazama na baka lake, akaondoka taratibu kumfuata mama yake.