Mitumbwi Miwili Chini ya Ndege

Bibi yangu mzaa baba aliishi Ujiji miaka yote akiitwa mwongo, na kosa lake lilikuwa kusema kweli. Alikuwa msichana mdogo wakati vita vya Wajerumani na Wabelgiji vilipofika ziwani kwetu. Siku moja, akiwa ufukweni Kigoma na mama yake, ndege ilitokea upande wa Kongo, ikaangusha mabomu bandarini, ikageuka na kurudi ilikotoka. Watu wakatimua mbio. Bibi naye alikimbia, ila huku akitazama juu, ndiyo maana alianguka na kupata kovu la goti, na ndiyo maana aliona kitu ambacho waliokimbia kwa akili hawakukiona. Ndege ile, mahali pa miguu, ilikuwa na mitumbwi miwili.

La mabomu walimkubalia. La mitumbwi, hata kidogo. Ujiji ni mji wa wavuvi. Ukisema umeona jini, watakuuliza lilivaa nini. Ukisema umeona mtumbwi angani, watakuuliza umekula nini.

Maneno ya majirani yangeisha, lakini sisi ni Waha, na Wanyamwezi ni watani wetu. Mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa mkoa hana: anaweza kukukejeli msibani kwako, na wewe ukapaswa kucheka. Baba alikuwa na mtani wake, rika lake, fundi baiskeli wa Kasingirima. Siku tuliyomzika bibi, bwana huyo aliingia matangani na kipande cha mtumbwi mbovu begani, amekifunga majani ya mgomba kama mabawa, akazunguka uwanja mzima akinguruma. Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakunyamaza mpaka alipopewa chochote, kama desturi inavyotaka. Baba alicheka na kutoa, kwa kuwa mtani hanuniwi, lakini mimi niliyekuwa kando yake niliona jinsi alivyouma meno.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, mtani alisimama mlangoni kwetu na salamu ya Kiha.

"Mwakeye, Muha! Mtumbwi umeshatua?"

"Bado," baba alijibu. "Unamtafuta Mnyamwezi wa kumwangukia."

Kisha wakanywa kahawa na kutukanana mpaka alasiri. Hivyo ndivyo walivyozeeka.

Mwaka juzi, mimi mwalimu wa hesabu wa Gungu, nikipekuapekua simu badala ya kusahihisha madaftari, nilikutana na picha ya zamani ya ndege ya Wabelgiji imeelea majini. Chini yake mitumbwi miwili, kama bibi alivyosema. Nilikimbia nayo kwa baba. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Aliisogeza simu mpaka ikagusa pua, akasema anaona ukungu.

"Nitengenezee," akasema. "Nataka niishike. Halafu yule Mnyamwezi aishike. Nimfunge mdomo kabla mmoja wetu hajafa."

Hakuwa anatania. Mtani wake alikuwa ameanza kuvimba miguu, na Ijumaa nyingine alikuja kwa bodaboda.

Mimi sijawahi kutengeneza hata kigoda. Lakini mwalimu wa hesabu ana kiburi chake: hudhani ukishajua kugawa kwa kumi, yaliyobaki ni gundi. Niligawa vipimo vya ndege halisi kwa kumi, nikapata mabawa marefu kuliko meza yetu ya chakula. Mke wangu alihamishia chakula mkekani, akawatangazia majirani kwamba Wabelgiji wamerudi na safari hii wameteka sebule.

Mbao za mitumbwi niliokota kwa mafundi wa boti Kibirizi. Mabawa niliyaunda kwa fito za mianzi, nikayavisha kanzu kuukuu ya baba, nikaikazia kwa uji wa muhogo. Panga boi la puani nilichonga mara kadhaa, na kila lililotoka lilifaa zaidi kusongea ugali.

Wageni nao hawakukosa. Wengi waliuliza kama itaruka, na nilipojibu kwamba haitaruka walinitazama kwa huruma. Afisa mmoja alisikia habari, akaja na mkoba. Aliisifu kazi yangu, akaniita mzalendo, akaomba niipake rangi za bendera ya taifa ili ipelekwe kwenye maonyesho, na ubavuni liandikwe jina la mgeni rasmi.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "ndege hii ndiyo iliyotupiga mabomu."

Alifikiri kidogo. "Basi andika Karibu Kigoma."

Ilikuwa imebaki kazi ndogo tu baba alipopitisha vidole kwenye maungio ya mitumbwi.

"Hujakalafati."

"Baba, haiendi majini."

"Hii si mitumbwi?"

"Ni mitumbwi."

"Basi kalafati. Mama yangu hakusema aliona masanduku."

Ukibishana na Muha, hasa aliyekuzaa, jiandae kukesha. Nikafanya kama tunavyofanya boti zetu zote: nikachovya pamba katika mawese, nikaisindilia kwenye kila ufa, nikaiacha ndege mezani, nikalala nikiwa na amani. Panya wa Ujiji hajui historia, lakini mawese anayajua. Walikula pamba, wakatafuna mbao zilizolowa mafuta, kisha wakapanda kwenye mabawa yenye muhogo. Walipata ugali na mboga yake. Asubuhi nilikuta ndege imelala kifudifudi, na baba amekaa kando yake anapapasa vipande.

Nikaanza upya, bila mawese. Nilikuwa ninachonga mtumbwi wa pili Ijumaa ile ambayo mtani hakutokea. Badala yake ilikuja habari.

"Amenikimbia," baba akasema. Kisha akauliza, "Imefikia wapi?"

"Bawa moja halijavishwa."

"Twende nayo hivyo hivyo."

Tuliipeleka Kasingirima kwa bajaji, bawa limetokeza nje, watoto wanatufuata wakipiga kelele. Msibani watu walipomwona baba walipisha njia huku wakitabasamu. Sasa ilikuwa zamu yake. Mji mzima ulijua deni lile la matusi, na wengine walishaanza kupiga makofi. Nilimwongoza hadi katikati ya uwanja, nikamkabidhi ndege. Akainyanyua juu, akafungua kinywa.

Alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mtani halii msibani kwa mtani wake, hiyo si kazi yake, na watu walibaki wamepigwa na butwaa. Basi wakafanya walilolijua: wakamwekea sarafu miguuni, mmoja mmoja, wakimsihi anyamaze.

Mjane ndiye aliyemwita mlangoni. Aliishika ile ndege, akapitisha kiganja chini yake, kwenye mtumbwi mmoja, halafu wa pili.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mama mkwe alinisimulia. Siku ile alikimbia pamoja na mama yako, na aliiona. Ila alipoona mwenzake anavyochekwa, akafunga mdomo."

"Na mumeo alijua?" baba akauliza.

"Tangu mtoto."

"Sasa mbona miaka yote hii..."

"Shemeji, angekubali, kila Ijumaa angekuja kwako kufanya nini?"

Tukarudi nyumbani na ndege yetu. Nilikuwa na hasira, nakiri, kwa niaba ya bibi. Nilitaka mtu aombe radhi.

Ijumaa iliyofuata mtu akaja. Ni mwana wa marehemu, aliyerithi banda la baiskeli. Ndege ilikuwa inaning'inia darini sebuleni, baba amekaa chini yake. Kijana alivua kofia, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mzee wetu. Mama yako alisema kweli. Sisi hatutarudia tena yale maneno."

Nikasema moyoni, haya, bibi, pumzika. Nikamgeukia baba nione furaha yake. Uso ulikuwa umemshuka, kama mtu aliyeambiwa msiba upya.

"Nani kakuuliza?" akasema. "Toka nje."

"Baba?"

"Toka! Halafu uingie upya. Ingia kama Mnyamwezi."

Kijana alinitazama. Akavaa kofia, akatoka, nikasikia kandambili zake zikisimama barazani. Kisha mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Mwakeye, Muha! Mtumbwi umeshatua?"

Baba alinyoosha mkono juu, akapapasa mpaka akaugusa mtumbwi.

"Bado," akasema. Sauti ilimkatika, ikabidi aanze tena. "Bado. Unamtafuta Mnyamwezi wa kumwangukia."